Herufi kwenye kalenda

Nauza mukene, yaani dagaa, soko la Busia, upande wa Uganda. Nina miaka 54, hedhi ilishakatika zamani. Mwaka juzi tumbo likaanza kujaa hadi mshipi wa gauni langu la gomesi ukakataa kufunga, na huku usoni nakonda. Posho vijiko vinne tu, nimeshiba. Usiku msalani mara tatu.

Klinikini wakasema ni alsa. Nikameza dawa. Mwezi uliofuata ikawa taifodi, kisha minyoo. Siwalaumu sana, maana tumbo la kujaa lina wenyewe wengi.

Aliyenishtua ni marehemu mama mdogo. Yeye tumbo lilijaa maji, watu wakasema karogwa, na alipofikishwa hospitali ya Mulago, Kampala, kansa ya ovari, vile vifuko vya mayai ya mwanamke, ilikuwa imeshasambaa. Nikamwendea sista mmoja jirani yetu. Akaniambia kansa hii haina dalili ya peke yake. Cha kuangalia ni kama jambo ni geni mwilini mwako na linarudirudi, hasa likizidi mara 12 kwa mwezi. "Andika," akasema.

Nikachukua kalenda ya ukutani. J ni kujaa, S kushiba upesi, M maumivu ya chini ya kitovu, K mkojo. Mume wangu akauliza nahesabu deni la nani. Mwezi ulipoisha, J zilikuwa 19. Nikauchana ukurasa, nikaenda nao hospitali.

Daktari alianza kama wale wengine: "Mama, tumbo linakusumbua tangu lini?" Nikamwekea karatasi mezani. Akaisoma yote, kisha akauliza kama kwetu kuna aliyewahi kuugua kansa ya matiti au ya ovari. Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Akaniandikia skani na kipimo cha damu kiitwacho CA-125, akaonya kuwa damu peke yake haitoshi, kwani hupanda hata kwa faibroidi, ule uvimbe wa kizazi usio kansa, au TB ya tumbo. Skani ikaonyesha uvimbe ovari ya kushoto.

Safari za Kampala, kwenye Taasisi ya Saratani, zilikula mtaji wote. Kikundi chetu cha akiba kikanikopesha. Nikafanyiwa upasuaji, nikatundikiwa dripu za dawa. Ilikuwa kansa, hatua ya kwanza, haijatoka kwenye ovari.

Sasa kila Alhamisi, kabla ya kuhesabu pesa za kikundi, wananipa dakika kumi niwaeleze kansa hii. Kinachonitoa jasho ni wale wanaosema, "Mimi nilipimwa, niko safi." Walipimwa shingo ya kizazi! Kipimo kizuri, kila mmoja akifanye, lakini ovari hakizioni. Huwauliza: ukichungulia mdomo wa mtungi, utayaonaje mayai ya kuku aliyetagia nyuma ya mtungi? Hapo hucheka, na wanaelewa. Wengine wanataka wote twende skani kila mwaka. Nawaambia kwa asiye na dalili hakuna kipimo cha namna hiyo kilichothibitika kuokoa maisha; ndiyo maana nang'ang'ania kalenda.

Wiki jana muuza nyanya mmoja alinivuta pembeni, akafungua leso. Ndani mlikuwa na ukurasa uliokunjwa mara nne, J na S siku 14. Jumatatu anakwenda hospitali. Nyanya zake nitamuuzia mimi.