Sanduku la kupimia kompyuta zisizowaka: limefika wapi (Chake Chake)

Lengo ni lile lile: vipimo vyote vienee kwenye sanduku moja na vifanye kazi bila ya intaneti, ili fundi akiitwa skuli ya Konde au Mkoani asirudi Chake kufuata faili.

Upande wa umeme umekamilika, na ndio unaookoa pesa nyingi kuliko yote. Ndani mna mita ya dijitali, kipande cha waya na feni kuukuu ya volti 12 ya kutia mzigo. Kompyuta ya mezani ikiwa kimya kabisa, angalia fyuzi ya plagi ya ukutani, kisha pima waya wa zambarau kwenye plagi ya pini 24, ile inayotoka pawa saplai kwenda mazabodi. Lazima uwe na volti 5 hata kabla ya kubonyeza swichi. Zikiwepo, chomoa plagi hiyo kwenye mazabodi, unga waya wa kijani na mweusi wowote, feni izunguke. Wa njano usome 11.4 hadi 12.6, mwekundu 4.75 hadi 5.25, wa chungwa 3.14 hadi 3.47.

Usiusahau wa kijivu. Huo ndio unaoiambia mazabodi kwamba umeme umetulia. Usipofika karibu na volti 5, mashine haianzi hata nyaya nyingine zikisoma vizuri. Hapo watu hununua mazabodi mpya bure. Pima na feni ikiwa imeungwa, kwani kapasita zilizochoka huonyesha 12 safi bila ya mzigo, ukiutia tu zinaanguka. Pawa saplai yenyewe usiifungue: kapasita yake kubwa huweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomolewa.

Hewa yetu ya chumvi hufifisha meno ya ramu. Sugua kwa kifutio cha penseli, pangusa kwa spiriti ya isopropili, kisha jaribu kipande kimoja kimoja kwenye tundu lile lile.

Flashi ya GB 32 imetiwa Ventoy, programu ya kuwashia kompyuta kutoka kwenye flashi, kwa hiyo faili za ISO (picha kamili za diski) zinanakiliwa tu: MemTest86+ ya kupima ramu, SystemRescue ya kuokoa mashine, Clonezilla ya kunakili diski. Kila faili lihakikiwe kwanza kwa SHA-256, alama inayoonyesha kama faili limefika zima. Lililoshuka nusu hukwama wakati wa kuwaka, ukadhani ramu mbovu. Kwenye MemTest86+, kosa moja tu linatosha kuikataa ramu.

Kwa diski, tia amri `smartctl -a /dev/sda` ndani ya SystemRescue, usome namba 5 (sekta zilizobadilishwa), 197 (zinazosubiri) na 198 (zisizosomeka). Ikiongezeka 199 (makosa ya kupitisha data) peke yake, badilisha kebo kabla ya kuilaumu diski. 197 ikipanda, acha vipimo vyote, okoa data kwanza kwenye diski nyingine:

`ddrescue -n /dev/sda picha.img ramani.map`

Faili la ramani, linaloweka kumbukumbu ya kilichokwisha kunakiliwa, lisipotee. Umeme ukikatika katikati, amri ile ile huendelea ilipoishia.

Kadi ya kusoma namba za kuwaka (zinazoonyesha mashine imefika hatua gani) imo, lakini ni ya tundu la PCI, ambalo mashine nyingi mpya hazina. Ikiganda kwenye 00 au FF tangu mwanzo, mara nyingi prosesa haijaanza kazi.

Kilichobaki ni CH341A, kifaa kidogo cha USB cha kusomea na kuandikia chipu ya bayosi (programu ya kuanzishia mashine). Ile nyeusi hupeleka volti 5 kwenye nyaya za data ijapokuwa chipu ni ya 3.3, kwa hiyo haitaingia sandukuni mpaka irekebishwe na ipatikane adapta ya chipu za volti 1.8. Ikiwa tayari, bayosi itasomwa mara mbili na nakala kulinganishwa kabla ya kuandika chochote.