Kura ya ini

Novemba 2013, nipo barazani kwetu Mikindani, mama anabangua korosho. Za kula nyumbani tulizichoma wenyewe mpaka ganda liwe jeusi. Unaisimamisha moja juu ya jiwe, unaigonga kwa kijiti ubavuni. Ukiipiga kwa pupa, kiini kinatoka vipande. Vidole vya mama vilikuwa vimeshika weusi wa yale mafuta yanayounguza. Sabuni haifui dafu hapo.

Simu ikaita. Kaka, kutoka Oslo, alikotulia baada ya kuacha kazi ya meli. Saratani yake ilianzia utumbo mpana, ikatolewa, sasa imejitokeza kwenye ini. Inakatika, madaktari wamesema. Ila kuna utafiti: wengine wanapasuliwa tumbo chini ya mbavu kama ilivyozoeleka, wengine wanatobolewa matundu madogo, tumbo linajazwa gesi, kamera inaingia na vyuma vyembamba. Nani aende wapi, hachagui daktari wala mgonjwa. Inapigwa kura.

Nilikuwa nimeweka spika. Kosa langu.

"Kura?" Mama akaacha kugonga. "Mtoto anaumwa ini, wao wanamchezesha bahati nasibu?"

Kaka akaanza kueleza. Ini limejaa damu, linaingiziwa na mishipa miwili, ateri na ule mshipa mkubwa unaotoka matumboni. Likivuja, aliyefungua tumbo anatia mkono akabana. Wa matundu mkono wake uko nje. Tangu 1908 wapasuaji wanajua kuikaba mishipa hiyo shinani kwa muda, na hata kwa matundu inakabika kwa utepe. Lakini ipi njia bora? Ndiyo wanataka wajue.

Mama hakuwa anasikiliza utepe. Nikaingilia.

"Mama, kwenye mchezo wenu wa kupeana pesa nani anapokea wa kwanza?"

"Si tunachanganya vikaratasi."

"Kijumbe ni wewe. Kwa nini usipange tu?"

"Watasema nampendelea shoga yangu."

"Na daktari naye je? Akiachiwa, matunduni atawapeleka wenye uvimbe mdogo, wenye nguvu zao. Halafu matundu yasifiwe."

Akanyamaza. Akagonga korosho, ikavunjika, akaila.

"Vikaratasi anachanganya nani huko?"

"Kompyuta, mama," kaka akasema.

"Afadhali. Kompyuta haina shoga."

Kura ya kaka ikaangukia kisu. Mwaka 2015 alikuja likizo, akapandisha shati palepale barazani. Kovu limepita chini ya mbavu za kulia, limenyooka, linang'aa. Mama akalifuata kwa kidole mpaka mwisho wake, halafu akamwambia ashushe shati, upepo.

Matokeo yalitoka 2018, nikamsomea mama. Wagonjwa 280. Ndani ya siku 30, waliopata matatizo baada ya kupasuliwa ni 19 kati ya kila 100 kwa matundu, 31 kwa kisu. Wa matundu walilala hospitali saa 53, wa kisu 96. (Baadaye ilikuja ripoti ya uhai: makundi yote mawili waliishi karibu sawa.)

"Kwa hiyo kaka yako alikuwa kwenye hao 31?"

"Hapana. Yeye yumo kwenye wale 69 waliosalimika."

Akahesabu kimoyomoyo, nikaona midomo inacheza.

"Na yule aliyeokota karatasi ya matundu siku ile," akauliza, "mzima?"