Dakika za fundi ndani ya fulana moja

Kabla hatujabishana kama kununua nguo rahisi ni kosa, tupige hesabu. Kiwandani fulana hupangiwa dakika: kuunga mabega, kuweka kola, kushonea mikono, kufunga ubavu, kupinda chini. Tuseme fulana ya kawaida imepangiwa dakika 6. Hizo ni dakika za karatasini. Uzi ukikatika, au oda ikibadilishwa rangi mafundi wakiwa wameshazoea ya kwanza, laini, yaani safu ya mafundi wanaopokezana fulana hatua kwa hatua, inaweza kushuka hadi nusu ya kasi yake, na dakika zinakuwa 12.

Chukua Bangladesh. Tangu Desemba 2023 kima cha chini cha mshahara katika viwanda vya nguo vya huko ni taka 12,500 kwa mwezi (taka ndiyo sarafu yao, usicheke). Wiki ya saa 48 inatoa saa 208 kwa mwezi. Ukigawanya unapata taka 60 kwa saa, yaani taka 1 kwa dakika. Fulana yetu basi imebeba taka 12 za kushona, takriban senti 10 za dola. Fundi mzoefu yuko daraja la juu kidogo, na kuna ukataji, pasi na ufungaji, lakini hata hivyo hufiki mbali.

Kwa hiyo kumlipa fundi maradufu kungeongeza kama senti 10 kwenye bei ya kiwandani. Wengi husema, basi tutalipa sisi wanunuzi. Sawa, ila mwagizaji, msambazaji na duka huongeza faida yao kwa asilimia, kwa hiyo senti 10 zinaweza kufika kaunta zikiwa 30, na ziada hiyo fundi haioni. Tena fulana ghali na fulana rahisi zinaweza kutoka laini moja. Bei ya dukani haikuambii ujira.

Ujira hubanwa zaidi na namna kampuni yenye lebo inavyoagiza nguo kiwandani. Inachelewa kuidhinisha sampuli lakini tarehe ya meli haisogei. Kiwanda kinalazimisha saa za ziada, au kinapeleka kazi kwa karakana ya pembeni ambayo mkaguzi hajawahi kuikanyaga. Malipo nayo yanakuja siku 60 au 90 baada ya mzigo kuondoka, ilhali mishahara inadaiwa kila mwezi.

Jengo la Rana Plaza, lililokuwa na viwanda vya nguo huko Bangladesh, lilipoporomoka tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu 1,134, ilibidi lebo zitafutwe kwenye vifusi ili ijulikane nani alikuwa akishonewa pale. Mkataba uliotiwa saini Mei mwaka huohuo kati ya kampuni na vyama vya wafanyakazi ulizibana kampuni kisheria, lakini kuhusu moto na uimara wa majengo. Kiwango cha mishahara hakikuguswa.

Kususia ghafla sikushauri: oda ikikatwa, wa kwanza kurudishwa nyumbani ni fundi. Afadhali uiandikie kampuni maswali mawili. Je, gharama ya ujira imetengwa kwenye bei kiasi kwamba haiguswi mnapopatana na kiwanda? Mnalipa baada ya siku ngapi? Wakijibu "tunafuata sheria za nchi husika", elewa kwamba wanazungumzia kima cha chini. Omba pia orodha ya viwanda yenye anwani, kisha utafute majina hayo kwenye Open Supply Hub, tovuti ya wazi inayoorodhesha viwanda, ambako utaona ni kampuni zipi nyingine zimetajwa kwenye kiwanda hichohicho.