Jinsi tulivyopata wateja kupitia Google wakati hakuna aliyelijua jina letu

Kampuni changa ina shida moja ambayo kampuni kongwe haina: hakuna anayelitafuta jina lake. Kampuni inayojulikana hupata wageni wengi kwa sababu watu huandika jina lake moja kwa moja kwenye kisanduku cha kutafutia. Sisi tulikuwa na programu ya kuwasaidia wafanyabiashara wadogo kuandika ankara na kufuatilia madeni, tovuti mpya kabisa, na mimi nikiwa ndiye niliyepewa jukumu la kuhakikisha watu wanatufikia. Ushauri mwingi kuhusu SEO, yaani kazi ya kuifanya tovuti ionekane kwenye matokeo ya Google, hutoka kwa watu wenye tovuti za miaka mingi zenye viungo (link) vingi kutoka tovuti nyingine. Anayeanza akiufuata hivyo hivyo ataishia kugombea maneno makubwa ambayo hawezi kuyapata. Kwa hiyo nasimulia njia tuliyopita sisi, tukiwa hatuna jina wala fedha nyingi za matangazo.

Nilianzia kwenye barua pepe za huduma kwa wateja. Nilisoma zote tulizotumiwa na watu waliojaribu programu, kisha nikamwomba mwenzangu wa mauzo daftari lake la simu, anamoandika maswali ya wanaopiga. Nilinakili maswali yalivyoulizwa, pamoja na makosa yake ya tahajia. Tovuti yetu wakati huo ilijitambulisha kama "mfumo wa usimamizi wa mapato yanayodaiwa". Katika barua zote zile hakuna mteja aliyesema hivyo. Wao waliuliza: nimwandikie nini mteja aliyechelewa kulipa bila kumkasirisha? Ankara lazima iwe na vitu gani? Mteja akilipa nusu, naandikaje? Anasema ameshalipa na mimi sioni pesa, nifanyeje?

Maswali hayo ndiyo yaliyokuwa mtaji wetu. Baadaye niliyapeleka kwenye zana: Keyword Planner ya Google, inayokadiria maneno hutafutwa mara ngapi, mapendekezo yanayojitokeza mtu anapoanza kuandika, na yale maswali yanayohusiana ambayo Google huyaonyesha katikati ya matokeo. Kwa mengi ya maswali yetu, zana zilionyesha kwamba watafutaji ni wachache mno au hawapo kabisa. Sikuyaacha. Namba za zana hizo ni makadirio, na Google yenyewe imesema mara kadhaa kwamba takriban asilimia 15 ya yanayotafutwa kila siku hayajawahi kutafutwa kabla. Tena mtu anayeuliza namna ya kumdai mteja aliyechelewa ana shida leo hii, na sisi tuna dawa yake. Huyo mmoja ana thamani kwetu kuliko wengi wanaoandika tu neno "biashara".

Niliyapanga maswali kwa kuangalia muulizaji yuko umbali gani na uamuzi wa kununua. Wapo wanaotaka tu kujua, wapo wanaolinganisha, na wapo walio tayari kujaribu kitu. Wengi hushauri uanze na wale wa kwanza kwa kuwa ndio wengi. Tulianza na wa mwisho. Kampuni ambayo bado haijajitegemea haiwezi kusubiri msomaji wa leo awe mteja wa mwakani, kwa hiyo kurasa za mwanzo zilihusu ankara za mafundi, ankara za wanaofanya kazi kwa saa, na ulinganisho wa kweli kati ya programu yetu na jedwali la kawaida la kompyuta. Katika ulinganisho huo tuliandika wazi ni nani jedwali linamtosha. Ukurasa ule umetuletea wateja wanaokaa, nami naamini ni kwa sababu haukuficha chochote.

Kabla ya kuandika zaidi nilitaka kuwa na hakika kwamba Google inaiona tovuti. Kazi yake ina hatua tatu: roboti yake, programu iitwayo Googlebot, hutembelea kurasa, kurasa zinazofaa huwekwa kwenye faharasa, halafu mtu anapotafuta, zilizo kwenye faharasa hupangwa. Ukurasa uliokwama kwenye hatua ya kwanza au ya pili hausaidiwi na uandishi mzuri hata kidogo. Tovuti yetu ilijengwa na mkandarasi kwa namna ambayo maandishi yote yalitokea baada ya JavaScript, lugha ya programu za kurasa, kufanya kazi ndani ya kivinjari. Google inaweza kuendesha JavaScript, ila ukurasa huingia kwanza kwenye foleni, na roboti nyingine nyingi haziendeshi kabisa. Nilipokagua anwani zetu moja moja kwenye Search Console, zana ya Google inayoonyesha jinsi inavyoiona tovuti yako, baadhi ya kurasa zilionekana karibu tupu. Tuliomba maandishi yatengenezwe kwenye seva yenyewe ili yafike yakiwa kamili. Tulikuta pia agizo la noindex, linaloiambia Google isiuweke ukurasa kwenye faharasa, lililobaki tangu siku za majaribio, likiwa limekaa juu ya sehemu nzima ya tovuti.

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi. Faili la robots.txt huzuia roboti isitembelee ukurasa, lakini haliahidi kwamba ukurasa hautatokea kwenye matokeo. Ukizuia ukurasa kwa robots.txt na wakati huohuo ukaweka noindex ndani yake, Google haiwezi kuisoma hiyo noindex, kwa sababu umeifungia mlango. Anayetaka ukurasa uondoke aache roboti iingie, isome agizo, iuondoe. Mengine tuliyamaliza upesi: anwani yenye www na isiyo nayo tukaziunganisha kwa uelekezaji wa kudumu (301), tukaweka ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa kwa ajili ya roboti, tukapunguza uzito wa picha. Kuhusu kasi, vipimo vya Google viko wazi. Sehemu kubwa ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na mpangilio usirukeruke kupita kiwango cha 0.1. Tulipovifikia tuliacha, kwa maana kuhangaikia sehemu ya kumi ya sekunde wakati kurasa hazijaandikwa ni kupoteza nguvu.

Katika uandishi nilishika kanuni moja: ukurasa mmoja kwa shida moja, na jibu likae juu kabisa. Aliyeuliza namna ya kumkumbusha mdaiwa alikuta barua tatu tayari za kunakili, ya upole, ya msisitizo, na ya mwisho, kabla hajakutana na neno lolote la kuisifu programu yetu. Mhasibu tunayefanya naye kazi alipitia kila ukurasa unaogusa kodi au kumbukumbu za hesabu, na jina lake likaandikwa pale. Kichwa cha ukurasa kilitumia maneno ya wateja, yale ya kwenye daftari la simu. Orodha ya maneno msingi iliyofichwa ndani ya msimbo hatukuigusa. Google ilitangaza tangu 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo, na bado kuna watu wanatozwa fedha kwa kazi hiyo.

Kisha ukaja muda wa kimya. Tovuti mpya huchukua miezi kabla ya kuaminika, na kipindi hicho huvunja moyo timu nyingi. Kilichotushikilia ni kutazama namba sahihi. Idadi ya mibofyo ilikuwa ndogo, lakini Search Console ilionyesha kwamba kurasa zetu zinaonekana kwa maswali mengi zaidi kila wiki, japo chini sana. Nilijenga mazoea ya kuchuja maswali ambayo sisi tuko kati ya nafasi ya 8 na ya 20 na yanaonyeshwa mara nyingi. Hayo ndiyo yaliyo karibu kuiva. Kwa kila moja nilifungua ukurasa husika nikajiuliza kama kweli unalijibu swali lile, au unaligusa tu kwa pembeni. Mara nyingi ilitosha kuongeza aya mbili na mfano mmoja. Mara nyingine niligundua kurasa zetu mbili zinagombania swali moja, leo inatokea hii, kesho ile, wala hakuna inayopanda. Tuliziunganisha kuwa moja na ile anwani ya zamani ikaelekezwa kwenye mpya. Kwa maoni yangu hakuna kazi ya SEO inayolipa kampuni changa kuliko hii ya kurekebisha kilichopo, na ndiyo inayoachwa na wengi kwa kuwa haina mvuto wa kuchapisha kitu kipya.

Viungo vilikuwa kazi ngumu. Larry Page na Sergey Brin walijenga Google mwaka 1998 juu ya wazo kwamba kiungo kutoka tovuti nyingine ni namna ya kura, na hadi leo kura hizo zinahesabiwa. Ndiyo maana kuna wanaoziuza. Waliniandikia mara nyingi, wakiahidi mamia ya viungo kwa malipo kidogo. Nilikataa kila mara. Kununua viungo ili kupanda kwenye matokeo kunakiuka kanuni za Google, na mabadiliko ya mwaka 2012 yaliyoitwa Penguin yaliangusha tovuti nyingi zilizotegemea njia hiyo. Baadaye yakawa sehemu ya mfumo wenyewe. Sisi tulitengeneza kikokotoo cha bure cha kuhesabu riba ya malipo yaliyochelewa na ankara tupu za kupakua bila kujisajili. Kisha niliwaandikia, mmoja mmoja, walimu wa stadi za biashara na vyama vya wafanyabiashara, nikiwaeleza kitu hicho kinaweza kuwafaa vipi wanafunzi au wanachama wao. Wengi hawakujibu. Waliojibu walituwekea viungo kwenye kurasa zinazosomwa na watu walewale tuliokuwa tunawatafuta, na wageni waliopitia huko walijisajili kwa urahisi kuliko wote.

Matangazo ya kulipia tuliyatumia kwa muda mfupi, kama kipimo. Tulinunua mibofyo kwa maswali machache ili tujue yapi yanaleta wanaojisajili kabla ya kutumia wiki kuandika kurasa zake. Faida kubwa ilikuwa ripoti ya maneno halisi waliyoyatafuta watu. Ilitupa misamiati mipya, na ikatuonyesha maneno ya kuzuia, yale ambayo tangazo letu lisitokee yakitafutwa: wengi walikuwa wanatafuta ajira ya uhasibu, na tungeendelea kuwalipia bure.

Nilisisitiza pia kwamba ripoti ya kila mwezi isianze na idadi ya wageni. Ianze na waliotuma ankara yao ya kwanza, kisha irudi nyuma: walijisajili lini, waliingilia ukurasa gani, waliuliza nini. Kwa mtazamo huo, ukurasa wetu uliosomwa na wengi kuliko zote, ule unaoeleza ankara ni nini, ulionekana hauleti karibu mteja yeyote, na ukurasa mdogo wa malipo ya nusu ulikuwa miongoni mwa wenye kazi kubwa.

Tangu 2024 Google imekuwa ikiweka majibu yaliyoandikwa na akili mnemba juu ya matokeo, na ule ukurasa wa ankara ni nini umepoteza wasomaji wake wengi, maana jibu linapatikana bila kubofya. Hatuandiki tena kurasa za maana ya istilahi. Nguvu imehamia kwenye vile ambavyo aya moja ya muhtasari haiwezi kumpa mtu: vikokotoo, barua za kunakili, ulinganisho tulioufanya kwa kujaribu wenyewe, na masimulizi ya wateja walioturuhusu kueleza jinsi walivyokusanya madeni yao. Daftari la simu la mwenzangu wa mauzo bado napitia kila Jumatatu, na kurasa zinazoandikwa wiki hiyo hutoka humo.