Kangomba ya sarafu

"Mwisho ngapi?"

Meseji nzima ndiyo hiyo. Namba siijui, salamu hakuna, na kwa kuwa kwenye kundi letu la wakusanyaji huwa nabandika sarafu kadhaa za kuuza kwa mara moja, kama rupia za Mjerumani zenye sura ya Kaiser, mfalme wao, au heller zao, hata sijui anaulizia ipi. Nikimjibu, "Salama kaka, unaulizia ile rupia au ile heller?" ananyamaza siku mbili, kisha anarudi na wimbo uleule: "We taja mwisho."

Sina ugomvi na kuombwa punguzo. Mimi ni wakala wa kutuma na kutoa pesa hapa Mtwara mjini, upande wa stendi ya Mkanaledi, na kutwa nzima nasikia watu wakivutana kuhusu nauli ya bodaboda, fungu la dagaa, tenga la mihogo. Huku ukinunua bila kuomba upunguziwe, watu wanakuona una maringo. Lakini hata sokoni mtu humshika samaki kwanza, akamfunua matamvua, akaguna kidogo, ndipo azungumze bei. "Mwisho ngapi" huja mkishachoshana. Ukianza nalo, umeniambia kwamba kitu chenyewe hujakitazama, na kwamba bei yoyote nitakayotaja utaipunguza tena.

Kuomba bei kuna namna. Kaka mmoja wa Tanga aliwahi kuniandikia hivi: "Dada, hiyo rupia ya 1905 naona ukingo umegongwa kushoto, na Kaiser ana mkwaruzo shavuni. Umesema 80, mimi nina 65." Nikashuka bila kinyongo, tukakutana 70, akalipa. Alinionyesha alichokiona, na kweli kilikuwepo. Mwingine kwa sarafu hiyohiyo alikuwa ameniambia, "Hicho ni chuma tu, hakina soko, nakupa 20 nikusaidie." Rupia ile ina uzito wa gramu 11.66, na zaidi ya sehemu tisa katika kumi ni madini ya fedha. Na kama ni chuma kisicho na soko, baba, unakitakia nini?

Wauzaji nao wana yao, na hapa ndipo ninapokuwa mkali zaidi, kwa sababu nami ni mmoja wao.

Rupia nyingi za pwani yetu zilivaliwa. Bibi zetu walizitoboa au wakaziungia kikonyo wakazining'iniza shingoni, na sarafu iliyotobolewa bei yake hushuka sana. Muuzaji anajua. Kwa hiyo anaipiga picha akiwa ameishika kwa vidole viwili, na dole gumba limekaa palepale juu ya kofia ya Kaiser. Nilimwomba mmoja anitumie picha isiyo na mkono. Akaiweka juu ya kanga yenye maua mengi, ukingo wa juu umezama kwenye ua. Nikaomba video. Video ikaja, taa ya simu ikapita juu yake, nikaona duara dogo la rangi nyingine, limezibwa kwa risasi ya lehemu kisha likasuguliwa na dawa ya meno mpaka sarafu nzima inang'aa kama sahani ya harusi. Ningeinunua. Rupia zenye tundu ninazo na nazipenda, maana nawaza shingo zilizozibeba. Ila sikuinunua kwake, na hakuna atakachoniuzia tena.

Na hilo la kusugua, jamani. Ndimu na majivu vinatakatisha sufuria. Sarafu ya zaidi ya miaka mia ukiisugua umeivua ngozi, na mnunuzi anayejua atakupa nusu. Kama imeshasuguliwa, basi sema imesuguliwa. Nimeuza nyingi za namna hiyo kwa bei yake, na hakuna aliyerudi kunigombeza.

Kisha kuna uongo wa kitaalamu, ule wenye mwaka na jina la mfalme. Maarufu kuliko wote ni senti kumi ya 1936. Mtu amesoma mahali kwamba Mfalme Edward wa Nane alikaa chini ya mwaka mmoja akaachia kiti, na kwamba sarafu za Uingereza zenye sura yake ni adimu mno. Hayo ni kweli. Anayachukua, anayabandika kwenye senti yetu ile yenye tundu na pembe za ndovu, anaandika "laki tatu, bei maelewano". Lakini senti kumi na senti tano za Afrika Mashariki za mwaka ule hazina sura ya mtu, zina jina tu, na zilipigwa kwa wingi, nyingine Birmingham zikiwa na alama ya kiwanda, H au KN. Kwangu zinauzwa elfu mbili, na siku nyingine naziongeza bure kwa mnunuzi aliyenitendea vizuri.

Ndugu yake ni yule anayeuza heller 20 ya Tabora kama dhahabu. Zile zilipigwa 1916 wakati wa vita, pale manowari za Waingereza zilipokuwa zimefunga bahari na pesa mpya hazifiki kutoka Ujerumani. Karakana ya reli ya Tabora ikaanza kupiga sarafu kwa shaba iliyopatikana, maganda ya risasi yakiwemo. Ya dhahabu ni nyingine kabisa, ni rupia 15, ina tembo mbele ya mlima, na zilipigwa elfu kumi na sita na ushee. Tembo huyo huwezi kumkosea. Ukimbana muuzaji anakutumia skrinshoti ya tovuti ya ng'ambo: "Ona, wenzetu wanauza hivi." Hayo ni maombi ya muuzaji mwenzake tu. Mimi nitumie ile iliyolipwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililotugombanisha.

Kijana mmoja wa Tandahimba alibandika picha ya vitu vya kopo la marehemu bibi yake, vimemwagwa juu ya mkeka. Senti zenye tundu, heller za shaba, thumuni zenye sungura, na katikati sarafu moja ya fedha, pana kuliko zote. Aliandika: "Zote elfu 30, nina shida ya haraka." Nikakuza picha. 2 Rupien, 1893. Rupia mbili zilipigwa mwaka ule na mwaka uliofuata basi, na wengi wetu tunaojiita wakusanyaji hatujawahi kuishika. Hata iliyochakaa ni ya laki kadhaa.

Bado nakuza, mkusanyaji mmoja mzoefu wa Dar akaandika: "Nachukua zote dogo, tuma namba. Na ya kutolea juu yangu."

Adabu yetu ni kwamba mtu akishasema "nachukua", wengine mkae pembeni. Sisi Waislamu tumefundishwa hata madrasa kwamba Mtume amekataza mtu kununua juu ya ununuzi wa nduguye. Nikawa naandika nafuta, naandika nafuta, mteja dirishani anasubiri kutoa elfu kumi yake. Mwisho nikaandika mbele ya wote: "Mdogo wangu, hiyo kubwa ya katikati itoe kwanza, iulizie bei peke yake. Na mimi siinunui."

Moto ukawaka. Mzoefu akasema nimemharibia biashara. Kwamba ujuzi wake ameutafuta kwa miaka na kwa pesa yake, na kwamba bei aliitaja mwenyewe muuzaji, hakushikiwa panga. Sehemu ya maneno yake naikubali. Ukinikuta mimi nimesoma vibaya mwaka kwenye sarafu yangu, ukainunua kwa bei niliyotaja, ni halali yako, kula. Mimi ni muuzaji, kujua ninachouza ni kazi yangu. Yule kijana si muuzaji. Ana kopo la bibi yake na ana shida.

Huku kwetu hilo lina jina. Kwa asiye wa kusini, kangomba ni kumfuata mkulima kabla ya minada ya korosho kufunguliwa, ukamnunulia kwa bakuli badala ya mizani, kwa bei ya kuudhi, kwa sababu unajua nyumbani kwake hakuna unga. Naye huwa ametaja bei mwenyewe. Naye huwa hakushikiwa panga. Na mnunuzi wa kangomba ukimuuliza atakuambia amemsaidia.

Mzoefu angeweza kumwambia, "Dogo, hiyo kubwa ina thamani. Nakupa laki mbili leo hii, faida itakayobaki ni yangu kwa sababu mteja nitamtafuta mimi na nitakaa nayo." Ningenyamaza kimya, na kijana angelala amelipa deni lake. Ujuzi una bei, sikatai. Ila mwenye kopo naye apate sehemu anayoweza kuisikia bila kukunja uso siku atakapojua.

Kuhusu "mimi siinunui", shoga yangu mmoja ananicheka mpaka leo. Anasema nilikuwa na haki ya kumpa kijana bei nzuri nikaichukua mwenyewe. Labda. Ila ukishamwambia mtu thamani ya kitu chake mbele ya mnunuzi mwingine, kisha ukakinunua wewe, ushauri wako wote unageuka maneno ya dalali anayetafuta cha juu. Hiyo ni sheria yangu mwenyewe, simlazimishi mtu.

Ile kubwa iliuzwa baadaye. Kwa nani na kwa ngapi hakusema, nami sikuuliza. Vilivyobaki kwenye kopo alimuuzia yuleyule mzoefu wa Dar, kwa elfu ishirini na tano. Wameelewana vizuri tu. Anayenuniwa ni mimi.

Kuna vitu vingine sitaji bei yake hata kwa utani. Kila mvua kubwa ikipita napata picha kutoka Kilwa: vijisarafu vya shaba vidogo, maandishi ya Kiarabu yenye vina pande zote mbili, jina la Ali bin al-Hasan mara nyingi. Hizo ni pesa za masultani wa Kilwa. Tano za Kilwa ziliokotwa 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na mpaka leo watu wanabishana zilifikaje. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya 1863, na kuviuza bila kibali ni kosa. Sarafu za kwanza za Mjerumani hapa ni za 1890, ndiyo maana nazichezea kwa amani. Vijana huniambia, "Mama, we nitajie tu, nijue." Sitaji. Nikitaja, kesho anachimba. Namwambia awapelekee watu wa mambo ya kale hapohapo Kilwa, na aeleze alipoiokota. Wengine wanakwenda, wengine wananitukana.

Na wale wa rupia ya Mjerumani eti inayovuta mchele kama sumaku, au ya "mzungu yuko hotelini na mabilioni yake", wasinipigie simu. Hao si wakusanyaji.

Malipo. Hapa naongea kama wakala. Meseji ya muamala inaandikwa na yeyote mwenye vidole, kwa hiyo ukinitumia skrinshoti nitasema ahsante kisha nitaangalia salio. Usikasirike, hata shemeji yangu namfanyia hivyo. Nikikuwekea kitu nakuomba kishika uchumba, na tukikubaliana mpaka Ijumaa basi mpaka Ijumaa simwonyeshi mtu mwingine, hata aje na mara mbili. Siku ikipita bila neno lako nakurudishia chako, nakiachia kitu. Yule anayesema "kuna mtu kashanipa laki" wakati mtu huyo hayupo, siku nyingine mtu wa kweli akimpa laki hakuna atakayemwamini. Na tukishafunga bei, usije ukaomba tena punguzo wakati kifurushi kiko kwenye basi.

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipotupitia na barabara ikakatika maeneo ya Somanga, nilikuwa na vifurushi viwili njiani kwenda Dar. Mnunuzi mmoja aliniita tapeli mbele ya watu, nikamrudishia pesa yake na ya kutolea juu, kwa hasira nakiri. Mwingine, mzee wa Temeke, aliniandikia tu, "Mwanangu, nimeona kwenye taarifa, poleni na mvua. Ikifika imefika." Huyo tangu siku hiyo simtajii bei ya kuanzia. Namtajia ya mwisho moja kwa moja, na bado anaomba nipunguze, na mara nyingine napunguza.

Zilizopo wiki hii. Heller 20 ya Tabora, 1916, shaba ya njano: taji limefifia upande wa kulia, na nyuma kuna doa la kijani kando ya namba 20, nililikuta nalo na sijaligusa. Elfu sitini. Pesa moja, ile sarafu ya shaba ya Mjerumani, ya 1891, imetobolewa, tundu linaonekana wazi kwenye picha ya pili. Elfu kumi na tano. Senti kumi za 1936, elfu mbili mbili, na hapana, si adimu. Vifurushi vinaondoka na basi la asubuhi. Atakayekuja kuchukua mwenyewe kibandani nitamlipia bodaboda ya kurudi, mradi isizidi Shangani.