Bilauri Isiyo Yangu

Nilikuwa nimepuliza kioo kwa miaka tisa nilipokubali kufundisha, na nilidhani kuwa anayeijua kazi kwa mikono hashindwi kuieleza kwa mdomo. Fundi aliyenifunza hakuwa mtu wa maneno: kwa miezi kadhaa nilimfungulia mlango wa tanuri na kufagia vigae, hadi siku aliponikabidhi mrija wa chuma akasema, "Zungusha." Somo lenyewe lilikuwa hilo tu.

Wanafunzi wangu wa kwanza walikuwa sita. Siku ya tatu zamu ilimfikia binti mmoja mtaratibu, ambaye kila nililolitamka alikuwa ameliandika daftarini. Alichovya ncha ya mrija katika kioo kilichoyeyuka kwa joto la nyuzi 1,100 hivi za Selsiasi, akatoa donge la rangi ya chungwa lililoning'inia kama asali nzito. Kioo kikiwa hivyo hakimngoji mtu; ukiacha kukizungusha kwa muda wa pumzi mbili tu, huelemea chini na kiputo kikaenda kombo. Akaketi kwenye benchi, akalisawazisha donge kwa gazeti lililoloweshwa maji, moshi ukapanda (harufu hiyo naipenda hadi leo, ingawa haitoki nguoni), na mwenzake akapuliza kutoka upande wa pili. Kiputo kilipoanza kuvimba, binti akaniinulia macho kutaka kujua kama amefanya vyema, na mikono yake ikasimama.

Nilipaswa kusema neno moja. Badala yake nilimpokonya mrija, nikakipasha kioo moto upya, nikakizungusha hadi kikanyooka, nikakihamishia kwenye fimbo ya chuma na kukifungua mdomo kwa koleo, huku wanafunzi wakipiga makofi. Bilauri ile niliiweka katika tanuri la kupoozea, ambalo huanzia nyuzi zipatazo 500 na kushuka polepole usiku kucha, kwa kuwa kioo kikipoa kwa pupa, nje hutangulia kuganda ndani kungali moto, na mvutano huo hukipasua. Nikaenda kulala nikijiona mwalimu.

Asubuhi nilimkabidhi. Aliigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, kisha akairudisha mezani kwa mikono miwili.

"Ni nzuri sana, mwalimu, lakini hii ni yako."

Sikupata la kujibu. Zamu yake iliporudi mchana ule, nilifumbata mikono nyuma ya mgongo, na kila iliponiwasha nilisema, "Zungusha." Nadhani nililisema mara kumi. Bilauri yake ilitoka imeinama upande mmoja, kitako kizito, ukingo mwembamba kama ganda la yai. Kesho yake aliitoa tanurini, akaivingirisha katika gazeti kavu na kuondoka nayo. Ile yangu ilibaki mezani hadi mwisho wa kozi, tukiwekea penseli.