Chokoleti Iliyokazana Usiku wa Kuamkia Pasaka

Mama alifundisha Shule ya Jumapili katika usharika wetu wa Moravian, Tukuyu, kwa miaka mingi sana. Baadhi ya watoto aliowafundisha mwanzoni walikuja baadaye kumkabidhi watoto wao. Kila Pasaka aliwatengenezea kashata za karanga, moja kwa kila mtoto, zimefungwa kwenye karatasi ya mafuta na kusokotwa ncha mbili. Alifariki Oktoba 2017.

Jumapili ya Matawi iliyofuata, nikiwa nje ya kanisa na tawi langu la mchikichi mkononi, binti mmoja wa miaka kama saba akanivuta kitenge. "Dada, na mwaka huu tutapewa?"

Nikamwambia ndiyo. Neno lilitoka kabla sijafikiri.

Lakini kashata sikutaka kuzigusa. Zile zilikuwa za mama. Alijua kwa kuangalia tu povu la sukari lini aipue, na mimi kila nilipojaribu zilitoka ngumu kama kokoto. Nikaamua nitengeneze vitonge vya chokoleti, vile visivyookwa: unayeyusha chokoleti, unachanganya na biskuti zilizopondwa, unafinyanga, unaacha vigande. Oveni hatuna, na umeme wa masika mtu huupangii shughuli. Baridi ya Tukuyu ingefanya kazi ya friji. Pasaka ya 2018 iliangukia tarehe 1 Aprili, mvua zikiwa zimekolea, na asubuhi nyingi Mlima Rungwe hatukuuona kabisa kwa ukungu.

Nikaenda Mbeya mjini, nikanunua chokoleti nne za gramu 100, Blue Band na biskuti kilo moja na nusu. Chokoleti nne kwa watoto karibu 90 ni kidogo mno, nililijua hilo, lakini pesa ilikuwa imeishia hapo. Nilipompigia shangazi simu kumweleza, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Hiyo chokoleti si inatoka kwenye hizi kakao zetu?"

Shangazi, dada yake baba, anaishi Ipinda, Kyela, na ana shamba la mikakao iliyopandwa chini ya migomba. Jumamosi mchana akashuka kwenye Coaster, kiroba kidogo kwapani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mama. Pokea, usikilaze chini, pana maji."

Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la bibi, mama yake. Tangu nikiwa mdogo ananiita hivyo, hata anaponikaripia.

Ndani ya kiroba mlikuwa na kilo moja ya kakao kavu. Alikuwa amezivundika siku sita kwenye majani ya migomba, akizigeuza, hadi ule ute mweupe ukachuruzika wote, kisha akazianika juani. Wakulima wengi wa Kyela wanaijua kazi hiyo mpaka hapo. Baada ya jua, kakao inaingia kwenye gunia, inapimwa, inaondoka. Kinachofuata, kwa sehemu kubwa, hufanyika nchi nyingine. Hata shangazi alikuwa hajawahi kuivusha hatua hiyo kwa mikono yake, na niliona jinsi alivyokuwa na hamu.

Tulizikaanga kwa moto mdogo wa mkaa, yeye akigeuza kwa mwiko bila kupumzika. Mwanzoni zilitoa harufu ya siki, kali hata ikatutoa machozi. Baada ya kama dakika 20 zikaanza kupasuka moja moja, kama bisi chache sufuriani, na siki ikaisha. Ikaja harufu nyingine, nzito, ya mkate na kahawa kwa pamoja. Mdogo wangu alitoka chumbani kwake bila kuitwa. Tukakaa watatu na ungo katikati, tukizimenya zikiwa bado za moto: ukiisugua kakao kati ya kidole gumba na cha shahada, ganda linavunjika na kupeperuka, inabaki punje nyeusi inayong'aa.

Kisha kinu. Mdogo wangu ndiye aliyetwanga. Punje zikawa chenga, chenga zikawa unga, na unga ukaanza kunata kwenye mchi. Akataka kuacha, akidhani maji yameingia. Shangazi akamwambia, "Twanga, hayo ni mafuta yake." Na kweli, karibu nusu ya punje ya kakao ni mafuta, joto la kutwanga huyaamsha. Akaendelea mpaka ndani ya kinu pakawa na rojo jeusi, zito, linaloteleza ukutani. Nilichovya kidole. Chungu! Chungu kabisa, lakini nyuma ya uchungu ule palikuwa na kitu kilichokaa mdomoni muda mrefu kuliko chokoleti yoyote ya dukani niliyowahi kula. Shangazi naye alionja, akafumba macho, hakusema neno.

Umeme ulikatika saa moja jioni. Nikawasha mshumaa, nikabandika maji jikoni, nikaweka juu yake bakuli lenye zile chokoleti nne, rojo la kakao na sukari tuliyoisaga. Vikaanza kuyeyuka vizuri. Halafu, kwa haraka ya kutaka viwahi, nikafunika bakuli kwa mfuniko wa sufuria.

Nilipoufunua, mvuke uliokuwa umejikusanya chini ya mfuniko ukadondoka ndani. Matone machache tu. Nikakoroga, na mwiko ukagoma. Chokoleti iliyokuwa ikitiririka ikakazana palepale, ikawa kama udongo wa mfinyanzi uliopigwa na jua, na mafuta yakijitenga pembeni. Nikafanya kila ambacho hakikutakiwa: nikaifuta kwa kitambaa, nikairudisha motoni nikidhani maji yatakauka. Ikazidi kuwa chenga. Baadaye nilielewa kinachotokea. Chokoleti ni chembe za sukari na kakao zinazoelea kwenye mafuta. Tone dogo la maji linalowesha sukari, chembe zinanatana, na mafuta yanakosa pa kukaa. Usiku ule sikuelewa chochote. Niliona chokoleti nne, kilo ya kakao ya shangazi na ahadi niliyompa yule binti, vyote vimekuwa donge moja jeusi kwenye bakuli. Nikakaa kwenye kigoda, nikalia kwa sauti. Sikuwa nimelia hivyo tangu msibani.

Shangazi hakunibembeleza. Alivuta bakuli kwenye mwanga wa mshumaa, akalibonyeza donge kwa mgongo wa kijiko.

"Mama, ugali ukikaza kabla haujaiva, unafanyaje?"

"Naongeza maji."

"Ya baridi?"

"Ya moto."

"Haya. Maziwa yako wapi?"

Nikamwambia ni maji ndiyo yaliyoiharibu. Akasema hayo yalikuwa kidogo. Akachemsha maziwa yaliyokamuliwa jioni ileile kwa jirani, akamimina kijiko kimoja kikubwa, akakanda kwa mwiko. Hakuna kitu. Cha pili, hakuna. Cha tatu ikaonekana kuharibika zaidi, na nikaomba aache tuokoe angalau kidogo. Hakuniangalia. Cha tano donge likaanza kulegea kingo. Cha saba au cha nane, bakuli zima likageuka mara moja: chenga zikapotea, mafuta yakarudi ndani, likawa rojo laini lenye kung'aa hata moto wa mshumaa ukaonekana juu yake.

Chokoleti ya kugandisha vipande haikuwa tena. Ya kushikanisha biskuti ilikuwa nzuri kuliko niliyoikusudia.

Tukatia Blue Band, biskuti na karanga zilizopondwa, tukapaka viganja mafuta, tukafinyanga vitonge vya ukubwa wa ndimu ndogo. Vilifika 96. Nilipofungua droo ya mama kutafuta karatasi nilikuta bahasha yenye karatasi za mafuta zilizokwisha kukatwa mraba mraba, mistari ya penseli bado inaonekana pembeni. Alikuwa ameshajiandaa kwa Pasaka hii. Niliwaonyesha, na kwa muda hatukuzungumza. Tulivifunga kwa karatasi hizo, tukasokota ncha mbili, tukavipanga kwenye sinia sakafuni chini ya dirisha la stoo. Kabla ya saa nane usiku vilikuwa vimeganda.

Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa makaburini, kama Wamoravian wanavyofanya kila Pasaka. Mwezi, uliopevuka Jumamosi ileile, ulionekana na kupotea mawinguni. Mchungaji akaita, "Bwana amefufuka!" nasi tukajibu, "Amefufuka kweli kweli!" Tarumbeta zikapigwa. Kaburi la mama lilikuwa halijajengewa bado. Nilisimama pale na shangazi, mikono yetu yote miwili ikinukia kakao.

Watoto walikuwa 88. Yule binti alisokotoa karatasi yake polepole, akanusa kwanza, akauma robo, akaifunga iliyobaki na kuiweka mfukoni kwa ajili ya mdogo wake aliyekuwa mgonjwa nyumbani. Nikamwongezea kingine.

Shangazi aliondoka Jumatatu na vitonge vitano alivyotaka kuwaonyesha majirani zake kakao yao inavyokuwa ikiiva. Kutoka Tukuyu hadi Kyela barabara inateremka karibu mita 1,000, na kila kilomita unavua nguo moja. Jioni akapiga simu.

"Mama, vimeyeyuka vyote kwenye gari."

"Pole, shangazi. Sasa majirani wameona nini?"

"Tumekaa hapa mlangoni," akasema, na nilisikia sauti za watu nyuma yake, "tunalamba karatasi."